Video, maandishi, tovuti ya mazoezi au darasa: asiyejua lolote kuhusu programu aanzie wapi?

Jumamosi moja usiku mpwa wangu alinipigia simu akiwa amekasirika. Tangu alasiri alikuwa anafuata video ya kujifunza Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, na katika dakika ya tatu mwalimu alisema kwa wepesi kabisa: fungua dirisha la amri (lile la kuiandikia kompyuta amri kwa maneno), andika python, bonyeza Enter. Kijana akafanya hivyo hivyo. Kwenye video zilitokea alama tatu, >>>, zikisubiri maneno. Kwenye laptopu yake likafunguka duka la Microsoft likimtaka aipakue Python, ambayo alikwisha kuipakua na kuisakinisha saa nzima kabla. "Mjomba," akaniuliza, "mbona kwake yeye halifunguki duka?"

Jibu ni fupi kwa anayelijua. Wakati wa kusakinisha Python kwenye Windows kuna kisanduku kidogo chini ya dirisha, ambacho kwa kawaida huja bila kutiwa alama, na kazi yake ni kuijulisha kompyuta mahali Python ilipo. Ukikipita, dirisha la amri halina njia ya kuifikia Python, na Windows ya siku hizi huchukulia kwamba haipo kabisa, ndipo inapokufungulia duka. Mwalimu hakukitaja kisanduku hicho kwa kuwa kompyuta yake ilitayarishwa zamani na yeye mwenyewe amekwisha kusahau kwamba iliwahi kutayarishwa. Masomo mengi ya programu huwaacha wanaoanza kabisa mahali kama hapo: mantiki ngumu bado haijafikiwa, lakini mwanafunzi amekwama kwenye jambo ambalo mfundishaji halioni tena kuwa ni hatua.

Kwa sababu hiyo, mtu anaponiuliza ajifunzie wapi, huwa simpi jina la somo moja. Njia zilizo wazi kwa wengi wetu ni nne: video za YouTube, masomo ya maandishi, tovuti za mazoezi ambazo unaandika humo humo ndani ya kivinjari, na darasa la ana kwa ana. Kila moja hukwamisha mahali pake, na anayechagua anapaswa kujua ni kukwama kwa aina gani anakoweza kukuvumilia.

Vipimo

Nitazipima njia hizi kwa maswali matano. Somo linadhani unajua nini kabla hujaanza? Kosa likitokea, nani anakujibu? Mkono unaoandika ni wa nani? Gharama ya bando, kifaa na muda ni ipi? Na somo lenyewe lina umri gani? Maswali haya hayana uzito sawa. Kwa maoni yangu la pili ndilo linaloamua kama mtu atafika wiki ya tatu, na nitakaa nalo zaidi kuliko mengine.

Somo linadhani unajua nini

Video ina sifa moja ambayo maandishi hayana: unaona mkono unapobofya. Mtu ambaye hajawahi kufungua folda ya kupakulia anaweza kuiona ikifunguliwa, na hilo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba kinachoonekana ni kompyuta ya mwalimu, si yako. Kama yeye anatumia Mac na wewe Windows, nusu ya anachobofya hutakipata mahali alipokibofya.

Masomo ya maandishi hudhani mengi zaidi, tena kimyakimya, kupitia alama. Ukikuta mstari umeanza kwa alama ya dola, mwandishi anamaanisha kwamba maneno yanayofuata yaandikwe kwenye dirisha la amri na alama yenyewe iachwe. Ukikuta umeanza kwa >>>, anamaanisha kwamba uko ndani ya Python tayari. Hakuna anayekuambia. Nimemwona mwanafunzi akiandika "pip install", amri ya kuiongezea Python vifaa, ambayo ni ya dirisha la amri, mbele ya >>>, akajibiwa kuwa sarufi yake ina kosa, akairudia mara sita akitafuta herufi aliyoikosea, ilhali kila herufi ilikuwa sahihi, na alichokosea ni dirisha. Mwongozo rasmi wa Python wenyewe, katika matoleo yake ya karibuni, unasema wazi kwamba umekusudiwa watu wanaojua programu tayari lakini wageni wa Python, na wengi huukimbilia kwa sababu tu una neno "rasmi".

Tovuti za mazoezi, kama freeCodeCamp iliyoanza mwaka 2014 na Codecademy iliyoitangulia mwaka 2011, ziliukata mzizi huu: hakuna cha kusakinisha, unafungua ukurasa na kuandika. Kwa siku ya kwanza hakuna njia yenye huruma kuliko hii. Deni lake hudaiwa baadaye, pale mwanafunzi aliyemaliza masomo arobaini anapotaka kuandika programu kwenye kompyuta yake na kugundua kwamba hajui faili lake litakaa wapi wala litaendeshwaje. Naye ndipo anapolikuta lile duka la Microsoft, ila yeye hulikuta akiwa ameshaanza kujiita mwanaprogramu, na aibu yake huwa kubwa zaidi.

Darasani mwalimu anaweza kutembea hadi kwenye meza yako na kukitia alama kisanduku kile. Kikao cha kwanza mara nyingi huishia kwenye usakinishaji tu, watu wakinung'unika kwamba hawajafundishwa kitu. Mimi huona kwamba hicho ndicho kikao chenye thamani kuliko vyote.

Kuna dhana nyingine inayozikumba njia zote nne, nayo ni lugha. Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno "string" na kufungua kamusi, atapata uzi au kamba, na atakaa akijiuliza kamba imeingiaje kwenye jina la mtu aliloliandika ndani ya alama za nukuu. "For" atalijua kama "kwa ajili ya", tafsiri ambayo haimsaidii chochote kuelewa kwamba kazi itarudiwa kwa kila kitu kilicho kwenye orodha. Mzungumzaji wa Kiingereza naye hushangazwa na maneno haya, ila yeye hushangaa mara moja. Wetu hushangaa mara mbili. Video na madarasa ya Kiswahili hupunguza mzigo huo, kwa kuwa mfundishaji anaweza kusema "kitanzi" na kila mtu akaona mstari unaozunguka na kurudi ulikotoka. Maandishi na tovuti za mazoezi kwa sehemu kubwa bado ni za Kiingereza.

Kosa linapotokea

Chukua programu ya mistari miwili. Wa kwanza unamuuliza mtu mwaka wake wa kuzaliwa na kuuweka kwenye jina "mwaka". Wa pili unatafuta umri atakaofikisha mwaka 2030:

mwaka = input("Ulizaliwa mwaka gani? ")
umri = 2030 - mwaka

Anayeanza akiandika 1998 na kubonyeza Enter, programu inakufa na kumtupia mistari kadhaa ya Kiingereza inayoishia na TypeError. Kisa chake ni kwamba chochote kinachoandikwa kwenye kibodi hupokelewa na Python kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na maandishi hayatolewi kwenye namba. Dawa ni neno moja, int, linalogeuza maandishi kuwa namba. Mtu mzoefu hulitambua kosa hili kabla hajamaliza kulisoma. Mgeni haoni kosa. Anaona 2030 kutoa 1998, hesabu ya darasa la tatu, na kompyuta inayosemekana kuwa na akili ikishindwa kuifanya. Wengine hukata tamaa hapo hapo, na katika njia zote nne hapo ndipo tofauti huonekana vizuri.

Kwenye video kosa hili halimo. Mwalimu aliandika int tangu mwanzo, au alikosea na kuikata sehemu hiyo wakati wa kuhariri, kwa hiyo mwanafunzi amemwona mtu akiandika mistari mia bila kujikwaa na sasa yeye amejikwaa kwenye wa pili. Anachobaki nacho ni maoni yaliyo chini ya video, ambamo huenda kuna aliyeuliza jambo hilo hilo na huenda akawa amejibiwa. Wapo walimu wachache wanaoacha makosa yao yaonekane, wakasoma ujumbe wa kosa kwa sauti na kulitafuta mbele ya mtazamaji. Ukimpata wa namna hiyo, video zake zina thamani kuliko za anayeteleza kama maji.

Maandishi nayo hayakujibu, lakini yanakuachia nafasi ya kusimama. Unaweza kunakili ujumbe wa kosa, kuutafuta mtandaoni, kurudi kwenye aya iliyotangulia na kulinganisha herufi kwa herufi. Anayejua kutafuta hupona haraka kwa njia hii. Asiyejua hata sehemu ipi ya ujumbe ni ya kutafuta, na hunakili pamoja na jina la folda yake, hukosa jibu na kudhani kwamba yeye peke yake duniani ndiye aliyepatwa.

Tovuti ya mazoezi inakujibu papo hapo, na hii ndiyo nguvu yake kubwa. Inakuambia kwamba jibu si sahihi, aghalabu na kipimo gani kimeshindwa, pengine na dokezo. Lakini mjibuji huyo ni mashine iliyoandaliwa kungojea jibu la umbo fulani. Ukiacha nafasi moja zaidi katika sentensi inayotakiwa kuchapishwa, utakataliwa ingawa wazo lako ni sahihi, na ukibahatisha hadi rangi ya kijani itokee, utapitishwa bila kuulizwa kama umeelewa. Nimeshuhudia mtu akipita mazoezi kumi kwa kubahatisha.

Darasani mwalimu mzuri hakwambii dawa. Anakuuliza, "Mwaka huo kompyuta imeupokea kama nini?" Ukinyamaza anakwambia uchapishe aina yake, unaona neno str, kifupi cha ile "string", yaani maandishi, na safari ijayo utakagua mwenyewe. Hakuna njia nyingine inayofanya hivyo. Sharti lake ni kwamba mwalimu afike kwenye meza yako, na katika chumba cha wanafunzi thelathini na mwalimu mmoja huenda asifike kabla ya kengele.

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu maswali, ilipofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, anayejifunza kwa njia yoyote kati ya hizi ana pa kuuliza, tena kwa Kiswahili. Silidharau jambo hilo. Ila ukiibandikia programu yako na kosa lake, kwa kawaida itakurudishia programu nzima iliyokwisha kurekebishwa, nawe utaibandika na kuendelea ukiwa hujui kilichobadilika. Iombe ikueleze maana ya mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa, na uikataze kuandika programu.

Mkono unaoandika ni wa nani

Wako wanaodharau kutazama, wakisema programu haijifunzwi kwa macho. Wana haki nusu. John Sweller wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia alianza katika miaka ya 1980 kuonyesha kwamba anayeanza kabisa hujifunza vizuri zaidi akisoma mifano iliyokwisha kutatuliwa kuliko akitupwa kwenye tatizo tupu, kwa kuwa akili yake haina nafasi ya kutafuta njia na papo hapo kuikumbuka. Kutazama, basi, kuna mahali pake. Kinachoharibu ni mfano kufuatwa na mfano mwingine, na mwingine, bila mwanafunzi kupewa wa kwake.

Video ndiyo inayotega zaidi hapa, maana unaandika anachoandika mwalimu na programu inafanya kazi, ukaamini kuwa ni wewe uliyeiandika. Kipimo ni rahisi: funga video, fungua faili tupu, andika tena ulichokifanya jana. Maandishi hukulazimisha kusogea kwa mwendo wako, ila hushawishi kunakili. Na ukinakili kutoka ukurasa ambao alama zake za nukuu zimepindwa kwa urembo, Python itazikataa nawe hutaona kwa nini. Tovuti za mazoezi hukufanya uandike tangu dakika ya kwanza, lakini mara nyingi ni neno moja ndani ya mistari ishirini iliyoandikwa na mwingine. Darasa hutegemea mwalimu: kuna anayeandika kwenye projekta saa mbili huku watu wakipiga picha ubao kwa simu, na kuna anayesema maneno matatu na kuwaacha mwandike.

Gharama

Video hula bando kuliko zote. Saa moja ya ubora wa kati ni mamia ya megabaiti, na somo la programu hurudiwarudiwa. Maandishi hayali karibu kitu, na yanaweza kuhifadhiwa yakasomwa bila intaneti. Tovuti za mazoezi hula kidogo lakini zinataka intaneti iwepo muda wote, jambo linalouma ikikatika katikati ya zoezi. Maandishi mengi, video nyingi na baadhi ya tovuti za mazoezi hazina ada. Darasa lina ada na nauli, na kwa shule zenye kozi kamili kama Moringa School ya Nairobi ada hiyo ni ya kupangiwa bajeti. Vituo vya ubunifu kama iHub ya Nairobi na Buni Hub iliyo chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, jijini Dar es Salaam vimekuwa mahali pa wanaoanza kukutana na walio mbele yao, na inafaa kuulizia ratiba zao kabla ya kulipia kokote.

Umri wa somo

Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini masomo ya ile ya zamani bado yamejaa mtandaoni. Ukiona mwalimu ameandika neno print kisha alama za nukuu bila mabano, somo lake ni la Python 2, na kompyuta yako itakataa mstari wa kwanza kabisa. Video iliyokwisha kupandishwa hairekebishiki. Ilivyokosea ndivyo itakavyobaki. Maandishi na tovuti huweza kusahihishwa, ingawa si zote husahihishwa. Mwalimu wa darasani huona kosa linapotokea mbele yake, hata kama daftari lake ni la mwaka juzi.

Kwa hali yako

Ikiwa una laptopu na intaneti ya uhakika lakini huna mtu wa kumuuliza, anzia kwenye tovuti ya mazoezi kwa wiki mbili au tatu, kisha toka kabla hujaizoea. Siku ya kutoka, sakinisha Thonny, kihariri kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza. Huja na Python yake ndani, kwa hiyo kile kisanduku hakikuhusu. Andika upya humo mazoezi matano ya mwisho bila kuyatazama.

Ikiwa una laptopu lakini bando ni la kuhesabu, masomo ya maandishi ndiyo yako. Pakua Thonny na kurasa za somo siku moja ukiwa penye Wi-Fi, uzisome nyumbani. Andika kila mstari kwa mkono wako, usinakili. Video zitunze kwa jambo moja tu: kuonyeshwa mahali pa kubofya pale maneno yanaposhindwa.

Mwenye simu peke yake asiambiwe asubiri laptopu. Kwenye Android kuna Pydroid 3 inayoendesha Python bila intaneti, na mistari kumi kwa siku inaandikika kwa vidole viwili. Tovuti za mazoezi hubanana kwenye kioo kidogo, kwa hiyo kwake maandishi mafupi yanafaa zaidi.

Ikiwa Kiingereza ndicho kinachokuchosha kuliko programu yenyewe, video au darasa la Kiswahili ni bora hata likiwa la kiwango cha chini kidogo, kwa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo maneno ya ujumbe wa makosa yatakuwa yamekuzoea, maana ni yale yale kama ishirini yanayorudi. Kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili kuna Scratch, iliyobuniwa katika chuo cha MIT cha Marekani na kufunguliwa kwa umma mwaka 2007, ambayo programu yake hupangwa kwa vipande badala ya kuandikwa, na vipande hivyo vinaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili. Hapo hakuna mabano ya kusahau.

Aliyejaribu mara tatu akaacha mara tatu, na ana uwezo wa ada, aende darasani, lakini kabla ya kulipa aulize wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja na aombe kukaa kikao kimoja akitazama. Kama uwezo wa ada haupo, amtafute mtu mmoja anayejua, awe binamu au jirani, na amwombe nusu saa kwa wiki ya kukaa pamoja mbele ya kosa moja. Mpwa wangu alichagua hivyo. Video yake hakuiacha. Jumamosi ile aliiondoa Python, akaisakinisha upya na kukitia alama kisanduku, na tangu hapo hunipigia Jumapili jioni akiwa ameshanakili mstari wa mwisho wa kosa kwenye daftari, pamoja na alichodhani kinamaanisha.